Kuja Unguja na Watoto Mnaowasomesha Nyumbani

Mwongozo kwa wazazi walioko London, Maskati, Toronto na kwengineko wanaotaka kukaa kisiwani na watoto wadogo bila ya masomo kulala

Kila mwaka familia za watu wa pwani zinazoishi ng'ambo hukata tiketi za kuja Unguja. Baadhi yao huwasomesha watoto wao wenyewe nyumbani, kwa hiyo hawafungwi na kalenda ya skuli. Wanaweza kuja kwa miezi miwili, bei za tiketi zikiwa zimeshuka, na watoto wakakaa na bibi yao kwa muda wa kutosha kumzoea. Ni fursa kubwa, na inasikitisha kuona inavyopotea mara nyingi. Familia inafika, inazungushwa kisiwa kizima kwa wiki mbili, mtoto mdogo anashikwa na homa na kuharisha, vitabu havifunguliwi hata siku moja, na Kiswahili kinabaki pale pale pa "jambo" na "asante".

Makala hii inafuata safari tangu nyumbani hadi kurudi: sheria, karatasi, afya, njia, ratiba ya siku, na masomo yanayopatikana Mji Mkongwe na mashamba. Shauri lake kuu ni moja: chagueni siku nyingi na vituo vichache. Mtoto hujifunza kwa kurudia, na hakuna anachoweza kukirudia katika kisiwa anachopitishwa mbio.

Anzeni na sheria ya huko mnakoishi

Kusomesha nyumbani hakuhesabiwi sawa kila nchi, na makosa ya hapa hugharimu zaidi kuliko tiketi.

England na Wales, Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto anapata elimu inayomfaa, iwe kwa kwenda skuli au kwa njia nyengine. Hapo ndipo inapotoka haki ya kusomesha nyumbani. Mtoto akiwa bado ameandikishwa skuli ya kawaida, mzazi humwandikia mwalimu mkuu barua kwamba anamtoa na atamsomesha mwenyewe. Bila ya barua hiyo, mtoto ni mtoro. Tangu Agosti 2024 faini England ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na hupanda kufikia 160 baada ya hapo. Wazazi wawili wenye watoto watatu wapige hesabu wenyewe. Wala isiwe hila: mtoto mnayetaka arudi skuli ile ile baada ya safari anaweza kukuta nafasi yake imeshachukuliwa.

Ujerumani, sheria inamlazimisha mtoto kuhudhuria skuli, na kusomesha nyumbani hakukubaliwi. Sweden nayo imebana sana. Marekani inaruhusu katika majimbo yote, lakini kila jimbo lina masharti yake ya taarifa, kumbukumbu na mitihani. Canada ni hivyo hivyo kwa kila mkoa. Kama nchi yenu hairuhusu, mwongozo huu bado una faida: ufuateni wakati wa likizo ndefu.

Kwa upande wa huku, viza ya matembezi ni ya matembezi. Mtoto mwenye pasi ya kigeni akitaka kuandikishwa skuli ya Unguja, hata kwa muhula mmoja, ulizieni Uhamiaji kuhusu kibali cha mwanafunzi kabla ya kulipa ada.

Pasi, viza, bima na barua ya idhini

Kila mtoto awe na pasi yake, hata aliyezaliwa juzi. Hakikisheni pasi zote zina uhai wa zaidi ya miezi sita kuanzia siku ya kuingia nchini. Pasi za watoto huisha mapema kuliko za wazazi katika nchi nyingi, kwa hiyo ndizo za kutazamwa kwanza.

Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa pande mbili hutakiwa kuchagua anapofikia utu uzima. Kwa hiyo mzaliwa wa Malindi au Makunduchi aliyechukua uraia wa Uingereza huingia kama mgeni, pamoja na wanawe wenye pasi za huko. Viza ya kawaida ya matembezi ni dola 50 na humpa mtu hadi siku 90. Raia wa Marekani hulipa dola 100. Ombeni kupitia tovuti rasmi ya Idara ya Uhamiaji ya Tanzania, kila mtoto fomu yake. Ziko tovuti nyengine zinazojifanya rasmi na kutoza zaidi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kwa mtu mzima ni dola 44, nayo hudumu hadi siku 92. Bima mliyokata kwenu haichukui nafasi yake. Hata hivyo msiiache ya kwenu, hasa inayolipia kusafirishwa mgonjwa hadi Dar es Salaam au Nairobi.

Kuna jambo moja linalowakuta sana watu wetu. Kwa desturi ya pwani, mke hachukui jina la mume, na mtoto hufuata jina la baba. Mama akisafiri peke yake na watoto, jina lake kwenye pasi halifanani na lao, na afisa wa uwanja wa ndege wa Ulaya ana haki ya kuuliza. Chukueni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili, na barua ya idhini ya mzazi anayebaki, iliyothibitishwa na wakili, ikiwa na tarehe za safari na nambari yake ya simu. Hata akisafiri baba peke yake na watoto, barua iwepo. Mtoto akisafiri na shangazi au mjomba, wazazi wote wawili watie saini.

Kama cheti cha kuzaliwa ni cha huku na kimepotea, anzeni kwa sheha wa shehia, kisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Mwambieni ndugu alianze jambo hili miezi kadhaa kabla, si wiki ya safari.

Afya: miezi miwili kabla

Mpelekeni kila mtoto kliniki wiki sita hadi nane kabla ya kuondoka, na kadi yake ya chanjo mkononi. Ulizeni hasa kuhusu surua. Tanzania huchanja surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18, wakati nchi nyengine huanza baadaye. Mtoto anayesafiri anaweza kupewa dozi ya mapema tangu miezi 6, na dozi hiyo haihesabiwi katika zile za kawaida.

Homa ya manjano inategemea njia mnayopita. Anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, kama Kenya, Uganda, Ethiopia au Congo, hutakiwa aonyeshe cheti akiwa na umri wa mwaka mmoja au zaidi. Aliyekaa uwanja wa ndege wa nchi hizo kwa zaidi ya saa 12 naye huhesabiwa. Mnaopitia Addis Ababa au Nairobi, tazameni saa za kusubiri kabla ya kununua tiketi: tofauti ya dola chache inaweza kuwaingiza katika sharti la chanjo. Chanjo hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 9, cheti huanza kufanya kazi baada ya siku 10, na tangu 2016 kinatambulika kwa maisha yote.

Malaria imepungua sana Unguja tangu dawa mseto zianze kutumika mwaka 2003, zikifuatwa na vyandarua na kupiga dawa majumbani. Lakini haijaisha, na mtoto aliyezaliwa ng'ambo hana kinga aliyokuwa nayo mama yake alipokuwa mdogo. Wazazi wengi hujisahau hapa: "Sisi tumekulia huku." Ndiyo, ila yeye hakukulia. Mwulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga kwa uzito wa kila mtoto. Laleni ndani ya chandarua, vaeni mikono mirefu magharibi inapoingia, na tumieni dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wa mtoto. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe kabisa. Mfunikeni kwa chandarua.

Homa yoyote ipimwe siku ile ile. Mjini kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja na Hospitali ya Mkoa ya Lumumba. Kaskazini kuna Kivunge, kusini Makunduchi. Andikeni kwenye karatasi jina la hospitali iliyo karibu na mnapolala na namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku, muibandike mlangoni.

Kuharisha ndiko kunakowapata watoto wengi zaidi. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, hata ya kupigia mswaki kwa walio wadogo. Njooni na pakiti za chumvichumvi na vidonge vya zinki. Pakiti zikikosekana, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kisha mnyweshe kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto asiyekojoa, aliyelegea, mwenye damu chooni au macho yaliyozama apelekwe hospitali bila ya kungoja asubuhi.

Njiani: ndege, boti na vichochoro

Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa na mzazi na kulipa sehemu ndogo ya nauli. Akishatimiza miwili lazima awe na kiti. Akitimiza mkiwa Unguja, mwambieni wakala tangu mwanzo, kwa sababu tiketi ya kurudi itahitaji kiti. Wakati wa kuruka na kutua mnyonyesheni au mpeni chupa, kumeza kunapunguza maumivu ya masikio. Dawa, nepi, nguo za kubadilisha na chakula cha siku nzima viwe kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo mkubwa unaweza kuchelewa Doha au Addis.

Wanaoingia kwa boti kutoka Dar es Salaam husafiri takriban saa mbili hadi bandari ya Malindi. Msimu wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, bahari huchafuka. Kaeni chini na katikati ya chombo, na watoto wale kitu chepesi saa moja kabla. Kila mtoto, hata wa kupakata, awe na tiketi na jina lake kwenye orodha ya abiria. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit Julai 2012 ikitokea Dar es Salaam, zote mbili zikiwa na watoto ndani. Ulizeni maboya ya watoto yako wapi kabla ya kukaa, na boti iliyojaa kupita kiasi iacheni iende.

Gari za kukodi na teksi kwa kawaida hazina viti vya watoto. Njooni na chenu, au zungumzeni na dereva mapema. Kigari cha kusukuma mtoto, kwa upande mwengine, ni mzigo bure Mji Mkongwe: njia ni nyembamba, zina ngazi na mitaro, na vespa hupita kwa kasi. Kanga ya mbeleko inatosha kabisa, na nyanya wa mtoto atafurahi kuwaonyesha jinsi ya kuifunga.

Nyumba za Mji Mkongwe ni nzuri, lakini zilijengwa kabla ya mtu kufikiria watoto wa wageni. Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, pandeni wenyewe hadi juu. Tazameni ngazi za mwinuko mkali, madirisha yaliyo karibu na sakafu, roshani zenye mbao zilizochoka, na dari ya wazi isiyo na ukuta wa kutosha. Mwenye mtoto anayetambaa achukue ghorofa ya chini au nyumba ya mitaa ya Ng'ambo, Mbweni au Bububu. Kwa familia nyingi mpango mzuri ni wiki za mwanzo mjini kwa jamaa, kisha wiki chache shamba au pwani, sehemu moja tu.

Ratiba ya siku

Siku tatu za mwanzo msisomeshe kitu. Watoto wanahitaji kulala, na saa zao za ndani hurudi mstarini polepole. Wanaotoka Toronto huchukua wiki nzima.

Baada ya hapo, fanyeni kama wenyeji wanavyofanya: kazi asubuhi, mapumziko mchana, kutoka jioni. Saa mbili hadi saa nne ya asubuhi zinatosha kwa kusoma, kuandika na hesabu, na haya ndiyo masomo pekee ya kuyabeba kwenye vitabu. Historia, sayansi na jiografia mtazikuta hapa hapa. Mtoto wa miaka minne au mitano hahitaji zaidi ya nusu saa, na iwe ya nyimbo, hadithi na michezo. Zanzibar ina uzoefu wa jambo hili: kuanzia mwaka 2006 vipindi vya redio vya "Tucheze Tujifunze" viliwafikia watoto wadogo wasio na skuli za maandalizi karibu, wakajifunza kuhesabu na kusoma kwa kuimba na kucheza chini ya usimamizi wa mtu mzima wa hapo hapo kijijini.

Saa sita hadi saa tisa ni jua kali. Wote ndani, wadogo walale, wakubwa wasome hadithi au wacheze bao na babu. Chakula kikuu kiwe mchana, pamoja na jamaa. Umeme na intaneti vinaweza kukatika, kwa hiyo somo lolote linalotegemea kompyuta lipakuliwe mapema. Vitabu vya kiada vya Tanzania vinapatikana kusomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vya Kiswahili vya madarasa ya chini vinafaa sana kwa mtoto anayeanza kusoma lugha yake.

Masomo ambayo Unguja pekee inayatoa

*Milango.* Tokeni asubuhi na daftari la kuchorea, mtaa mmoja tu, kama Hurumzi au Shangani. Kila mtoto achague mlango mmoja na akae mbele yake hadi auchore. Ataona sehemu ambazo zina majina yake: miimo pembeni, kizingiti juu, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mwanya baina ya mbao mbili. Milango ya mtindo wa Kiarabu aghalabu ni ya mstatili. Iliyoathiriwa na Wahindi huwa na tao juu au mbao za kukunja, na mingi ina vichwa vya shaba vilivyochongoka. Kwenye miimo ataona mnyororo uliochongwa, maua na majani, pengine samaki. Mkipata kizingiti chenye mwaka wa Hijria, hapo pana hesabu kwa mwenye miaka kumi: uzidishe mwaka huo kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 500, ulioandikwa kwenye msikiti wa Kizimkazi kusini mwa kisiwa, unatoa 485, na ukiongeza 622 unapata 1107. Mwacheni atafute mwenyewe kwa nini tofauti si 622 kamili. Akigundua kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, ameshika somo la falaki ambalo halitamtoka.

*Maji kupwa na maji kujaa.* Mkiwa Jambiani au Paje, mpeni kila mtoto kijiti. Maji yakianza kutoka achomeke kijiti ukingoni na kuandika saa. Kila baada ya nusu saa achomeke chengine. Kesho arudie, ataona kila kitu kimechelewa kwa takriban dakika 50. Jioni aangalie mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hutoka mbali na kurudi kwa nguvu, na tofauti ya kina inaweza kufika mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haitoki sana. Wiki mbili zinatosha kumpa mtoto mzunguko mzima, naye atakuwa ameandika jedwali lake mwenyewe la bahari. Ndiyo maana nasisitiza siku nyingi: somo hili haliwezekani kwa mgeni wa usiku mmoja.

Kina mama wanaolima mwani hapo hufuata jedwali hilo hilo. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989. Wasalimieni, ombeni ruhusa, na kama wana nafasi watawaonyesha watoto jinsi ya kufunga mche kwenye kamba. Msipige picha kabla ya kuuliza. Watoto wavae viatu vya maji kwa sababu ya miiba ya wanyama wa miambani. Wala msiwafuate wavuvi hadi ukingo wa mwamba na watoto wadogo: maji yakirudi hujaza mikondo ya nyuma kwanza, na mtu hujikuta amezungukwa.

*Darajani.* Sokoni hapa, mpeni mtoto shilingi na orodha ya vitu vitatu, mfuateni hatua mbili nyuma. Ataamkia, atauliza bei ya fungu la ndimu, atahesabu chenji. Siku ya kwanza atanong'ona. Baada ya wiki tatu wauzaji watakuwa wanamwita kwa jina. Hakuna kitabu cha lugha kinachofanya kazi hiyo.

*Binti aliyejifunza kuandika kwa siri.* Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 anaeleza kwamba mabinti wa jumba walisomeshwa kusoma tu, si kuandika. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama kibao. Baadaye aliishi Ujerumani, akawalea wanawe huko, na mwaka 1885 alikuja nao kuiona Unguja. Watoto wanaoishi baina ya nchi mbili watajiona ndani ya hadithi hii. Magofu ya Mtoni yako kaskazini ya mji, njia ya Bububu. Makumbusho ya kasri iliyoko Forodhani ulizieni kwanza kama imefunguliwa, kwani eneo hilo limo katika matengenezo tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020.

*Mkunazini.* Kanisa Kuu la Anglikana lilianza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa kwa mkataba aliotia saini Sultani Sayyid Barghash. Mzazi aende peke yake kwanza. Vyumba vya chini na maonyesho yake ni mazito kwa wadogo, lakini kwa mtoto wa miaka kumi na zaidi ni somo analostahili kupewa kwa ukweli, mzazi akiwa karibu kujibu maswali.

*Jozani.* Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, ndiyo makao ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Watoto wasimlishe wala kumsogelea. Njia ya mbao iliyopita juu ya mikoko ni fupi na inafaa hata kwa miguu midogo.

Lugha na adabu

Jamaa wa Unguja wakimwona mtoto wa ng'ambo, huanza kumwonyesha Kiingereza chao. Ni ukarimu, lakini unaliua lengo. Zungumzeni nao mapema, kwa heshima: "Bibi, tunakuomba umsemeshe Kiswahili tu, hata asipokuelewa." Wafundisheni watoto kuamkia "shikamoo" kabla hawajapanda ndege. Wajue kuvua viatu mlangoni na kutumia mkono wa kulia. Nguo za ufukweni ni za ufukweni. Mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, wazazi wakiwa wa kwanza.

Familia za Kiislamu zinaweza kumwomba mwalimu wa chuo cha Qur'ani cha jirani ampokee mtoto kwa muda. Huko atapata marafiki upesi kuliko popote. Mtoto wa Unguja mwenyewe huenda skuli na chuo, na mgeni ataona kwa macho yake jinsi wenzake wanavyojitahidi. Mkija mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo chakula cha watoto kipikwe nyumbani na kiliwe ndani.

Na tafadhali, msiingie skuli za Unguja kupiga picha na kugawa peremende. Skuli si mahali pa kutembelea watalii. Mkitaka kusaidia, muulizeni mwalimu mkuu kinachohitajika, mlete kwa utaratibu anaoutaka yeye.

Kumbukumbu na kurudi

Kila jioni mtoto aandike mistari mitatu au achore picha moja yenye tarehe. Mzazi aandike pembeni somo lililohusika: hesabu, sayansi, lugha. Daftari hilo, pamoja na michoro ya milango na jedwali la bahari, ndilo la kumwonyesha afisa wa elimu wa kwenu akiuliza mtoto alikuwa akifanya nini kwa miezi miwili.

Mkirudi, homa yoyote katika miezi inayofuata, hata ikifika mwaka, mwambieni daktari kwa sentensi ya kwanza kabisa kwamba mtoto alikuwa Afrika Mashariki, na ombeni apimwe malaria. Daktari wa London au Toronto anaweza asiwaze jambo hilo. Kwa upande wa lugha, wekeni siku maalumu ya wiki ya kumpigia simu bibi, mtoto akizungumza mwenyewe.

Pesa zikipungua wakati wa kupanga, na aghalabu hupungua, punguzeni hoteli, boti za matembezi na kisiwa cha pili. Siku zenyewe msiziguse. Mtoto aliyekaa wiki sita katika mtaa mmoja wa Unguja hurudi na lugha, jamaa na marafiki, na akili iliyozoea kuuliza. Kwa mzazi aliyebeba dhamana ya kumsomesha mwanawe mwenyewe, hayo ndiyo matokeo ya kuyalipia nauli.